Miaka minne ya kliniki ya tezi dume jijini Tanga: tathmini ya mgonjwa mwenye daftari

Nimekuwa mgonjwa wa kliniki ya njia ya mkojo katika hospitali moja ya hapa jijini Tanga tangu mwezi wa pili mwaka 2021, na kwa kuwa wanaume wenzangu wa Ngamiani wameniuliza mara nyingi kama waende huko au wapande basi moja kwa moja hadi Dar es Salaam, nimeona heri niandike mara moja kuliko kurudia maneno yaleyale kila tukitoka sala ya Ijumaa. Jina la hospitali sitalitaja. Nina malalamiko mazito dhidi yake, na baadhi ya waliohusika ni vijana ambao bado wako kazini na wamejirekebisha.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa shehena bandarini, kazi ya kuhesabu magunia yanayoshuka na yanayopanda, na huenda ndiyo sababu huduma yoyote naipima kwa namna inavyotunza hesabu zake. Vigae, kiyoyozi na televisheni ya mapokezi sikuvijali. Ugonjwa huu unaongozwa na namba kuanzia siku ya kwanza hadi utakapozikwa nao au bila yao, na kliniki ambayo haiwezi kukueleza namba yako ya leo inasimama wapi mbele ya zile za jana haijakuhudumia, hata kama imekuchoma sindano.

Sikwenda kwa sababu ya maumivu. Nilikuwa naamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, jambo ambalo kwa mzee wa miaka 64 mara nyingi hutokana na tezi kutanuka tu, bila saratani. Kilichonisukuma ni kaka yangu wa Muheza, aliyegundulika akiwa tayari na maumivu ya mgongo, saratani imeshafika mifupani. Mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa damu amepata saratani ya tezi dume hatari yake huongezeka karibu mara mbili, na saratani hii ikiwa changa kwa kawaida haitoi dalili yoyote. Anayesubiri dalili anaweza kuchelewa kama alivyochelewa kaka.

Mapokezi yalinishangaza kwa uzuri. Muuguzi, binti wa rika la mjukuu wangu mkubwa, alinipa shikamoo, akanikalisha, kisha akauliza: "Babu, umekuja na usafiri gani?" Nikamjibu kwamba nimekuja na baiskeli, kama nusu ya mji huu. Akaweka kalamu chini. "Basi damu ya PSA hatuchukui leo. Rudi Jumatano ijayo, na baiskeli uiache nyumbani siku mbili kabla." Halafu, macho yakiwa kwenye faili na si usoni kwangu, akauliza kama nilikuwa nimelala na mke wangu katika siku mbili zilizopita, kama nina maambukizi ya mkojo, kama nimewahi kuwekewa mpira wa mkojo hivi karibuni, na kama natumia dawa yoyote ya kupunguza tezi.

Wakati ule niliona ni udadisi. Baadaye daktari alinifafanulia kwamba PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au yenye ugonjwa, na kwamba chochote kinachoisumbua tezi kinaweza kuipandisha: maambukizi, mpira wa mkojo, kutoa manii siku moja au mbili kabla. Kuhusu tandiko la baiskeli wataalamu hawakubaliani wote juu ya ukubwa wa athari yake, lakini kujizuia siku mbili hakugharimu kitu. Swali la dawa ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwa sababu finasteride, ambayo wazee wengi wa hapa wanaimeza kwa ajili ya tezi iliyotanuka, hushusha PSA kwa karibu nusu baada ya miezi sita hivi, na asiyeulizwa anaweza kurudishwa nyumbani na namba nzuri ya uongo. Kuna maabara nyingine mjini ambako nimewahi kuona damu ikitolewa bila swali hata moja. Kwa maswali yale manne peke yake niliipa kliniki hii nyota ya kwanza kabla sijamwona daktari.

Namba yangu ilikuja 11.8, na iliporudiwa baada ya wiki sita ikawa 12.3. Kipimo hiki huandikwa kwa nanogramu katika mililita moja ya damu, na mpaka uliozoeleka ni 4, ingawa wenye namba kati ya 4 na 10 wengi wao, karibu watatu katika kila wanne, wakichunguzwa zaidi hawakutwi na saratani. Upande wa pili, zipo saratani zinazojificha chini ya namba ndogo, na ndiyo maana daktari hakuacha kipimo cha kidole, yaani kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa.

Hicho ndicho kinachowakimbiza wanaume wa pwani. Nimewasikia barazani wakisema heri kufa. Mimi niseme kama shahidi: kilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu, mlango ulikuwa umefungwa, pazia limevutwa, na daktari alinieleza kila hatua kabla ya kuifanya. Alipomaliza alinishika mkono, akanifunga ngumi, akanibonyezesha nyama iliyo chini ya kidole gumba. "Tezi nzima huwa hivi, mzee." Kisha akanibonyezesha fundo la kidole cha kati. "Yako, upande wa kulia, kuna mahali pako hivi." Sijawahi kuelezwa ugonjwa kwa lugha nyepesi namna ile, na hadi leo nikikaa peke yangu hujikuta nabonyeza mkono wangu. Mficha uchi hazai, lakini na sisi tunaofunuliwa tunastahili kufunuliwa kwa adabu, na katika hilo kliniki hii sina la kuidai.

Matatizo yalianza kwenye kuchukuliwa kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vya kwenda kupimwa. Shughuli yenyewe ilifanywa vizuri: dawa ya kuzuia maambukizi nilipewa kabla, ganzi ilichomwa, kifaa cha ultrasaundi kikaingizwa njia ya haja kubwa, na sindano ikachukua vipande 12 vyembamba kama uzi, kila kimoja kwa mlio wa stepla ya ofisini. Niliambiwa nitaona damu kwenye mkojo na kwenye choo kwa siku chache, na nikaiona. Sikuambiwa kwamba manii yangeweza kubadilika rangi kwa wiki kadhaa, na mke wangu alipoliona hilo alilia usiku mzima akidhani nimeshaharibika ndani. Sentensi moja ingetosha kumwepusha na kilio hicho.

Kisha nikakabidhiwa kikopo. Vipande vyangu vyote 12 vilikuwa ndani ya kikopo kimoja cha formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, nikaambiwa nikipeleke mwenyewe kwenye maabara ya patholojia Dar es Salaam, wanakochunguza nyama ya mwili kwa darubini. Tanga tunajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo; mimi niliondoka stendi ya Kange saa 12 alfajiri na kurudi usiku wa siku hiyohiyo, na njia nzima, kupitia Segera na Chalinze, kikopo kilikuwa mapajani mwangu kimefungwa katika kanga ya mke wangu. Abiria wa kando aliniuliza kama ni asali.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeona jambo ambalo karani yeyote angeliona. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya plasta, na wino ulishaanza kufifia pale dawa ilipodondokea. Nikaliandika upya kwa penseli, na yule mtaalamu wa maabara alipokipokea aliniambia nimefanya la maana, kwa kuwa penseli haifutwi na dawa zile. Lakini alisikitika kwamba vipande vya kulia na vya kushoto vimechanganywa, maana angeweza kusema saratani ipo na ni kali kiasi gani, asiweze kusema iko upande upi. Bandarini shehena za meli mbili huziandiki kwenye karatasi moja. Tena hayo magunia ya katani yana thamani ndogo kuliko nyama ya mtu.

Majibu yalikuja baada ya siku 26, na hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa kuliko yote. Nilipigiwa simu niende kuyachukua, na Ijumaa saa tisa alasiri nikapewa bahasha kwenye dirisha lilelile ambalo watu hulipia kadi. Daktari hayupo hadi Jumatano. Nilikwenda kukaa chini ya mwembe ulio nje ya geti, nikaifungua. Kiingereza cha mizigo nakijua; kile cha patholojia sikukijua, ila neno la saratani lilikuwemo, na mbele yake Gleason 4+3=7. Siku tano nilizibeba namba hizo bila kujua ni mzigo wa aina gani. Mwanangu alitafuta kwenye simu akaniambia saba kati ya kumi, nami nikaielewa kama mtihani wa shule, nikadhani nimefika asilimia sabini ya kufa.

Sivyo inavyosomwa alama hiyo ya Gleason, ambayo ni kipimo cha ukali wa saratani. Mpatholojia hutazama sura za seli kwenye darubini na kuzipa daraja la 3 hadi la 5 kadiri zinavyopoteza mpangilio wake wa kawaida. Namba ya kwanza ni ya sura iliyotawala, ya pili ni ya inayofuata, na mbili hizo hujumlishwa. Kwa hiyo alama ya chini inayoandikwa kwa kawaida kwenye saratani ni 6, si sifuri, na 3+4 si sawa na 4+3 ingawa zote ni saba, kwani katika ya pili sura kali zaidi ndiyo iliyo nyingi. Siku hizi huongezwa namba nyepesi ya makundi, kuanzia la 1 hadi la 5, na mimi nilikuwa kundi la 3. Maelezo hayo yote yalimchukua daktari kama dakika sita. Kuninyima dakika hizo kwa siku tano, huku nimeshapewa karatasi, ulikuwa uzembe, na sina neno laini la kuuita.

Jumatano yenyewe, lakini, ilikuwa ya kupigiwa mfano. Daktari alimwita mke wangu aingie, akatuweka karibu dakika 40, akatuchorea tezi ilivyokaa chini ya kibofu ikiuzunguka mrija wa mkojo. Alitueleza kwamba wenye saratani ya kundi la 1 mara nyingi hufuatiliwa kwa karibu bila kutibiwa, kwa kuwa ugonjwa wao unaweza usiwadhuru kamwe, ila mimi nilishavuka hapo. Mbele yangu palikuwa na njia mbili zenye matumaini yanayokaribiana: upasuaji wa kuiondoa tezi yote, au mionzi pamoja na sindano za kushusha homoni. Yeye ni mpasuaji, na bado hakunivuta kwenye kisu chake. Mke wangu ndiye aliyeuliza lile swali ambalo mimi nilikuwa nalizunguka, la unyumba, na akajibiwa bila kuonewa haya: njia zote mbili zinaweza kuudhoofisha, upasuaji kwa ghafla, mionzi polepole, na sindano huondoa hata hamu kwa muda zinapofanya kazi.

Skani ya mifupa nilifanyiwa Dar es Salaam, ikaonekana mifupa ni salama. Nilichagua mionzi, ambayo Tanga haikuwepo. Habari za huko si za tathmini hii, ila moja siwezi kuiacha: benchi la wanaume wanaokunywa maji. Mionzi ya tezi dume hutolewa kibofu kikiwa kimejaa na utumbo wa mwisho ukiwa mtupu, ili sehemu zisizo na ugonjwa zisogee mbali na miali, hivyo kila asubuhi tulikaa wazee saba au wanane, kila mmoja na chupa yake, tukinywa kwa saa ya ukutani na kisha kubana, tukitazamana bila kuthubutu kucheka. Mashine ikichelewa, ilikuwa mateso. Zamani watu walikwenda karibu mara 40. Vituo vingi siku hizi hutoa mara 20 kwa dozi kubwa zaidi kila siku. Mimi nilipangiwa ratiba ndefu. Bima ilibeba matibabu, nauli na chakula cha wiki nane nilivibeba mwenyewe kwa mpwa wangu Temeke.

Sindano nilichomwa Tanga, mbili, kwa nafasi ya wiki 12. Si dawa ya maji. Ni kipande kidogo mfano wa punje ya mchele, kinachosukumwa chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano nene, na huko kinayeyuka taratibu. Msingi wake ni wa tangu mwaka 1941, daktari Charles Huggins alipoonyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kliniki ilikumbuka kunipa vidonge siku kadhaa kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu mwanzoni sindano hiyo huipandisha homoni kabla ya kuishusha. Hilo lilifanywa kwa umakini. Ambacho hakikufanywa ni kuniandaa kwa mafuriko ya joto mwilini. Ukiyajumlisha na joto la kawaida la Tanga, kanzu yangu ililowa msikitini hadi jirani yangu wa safu akanisogezea leso. Aliyenishauri kutembea kila siku na kubeba vitu vizito kiasi ili kulinda mifupa ni yule yule binti wa mapokezi, si mtu aliyelipwa kunishauri hayo. Na kuhusu mkojo uliokuwa ukinidondoka bila hiari, jibu la namna ya kuswali nililipata kwa sheikh wetu: nitawadhe kwa kila sala, niswali, nisijitese.

Sasa ufuatiliaji, ambao kwa maoni yangu ndio huduma yenyewe. PSA yangu ilishuka hadi 0.1, ikakaa hapo, kisha homoni ilipoanza kurudi ikapanda 0.3, halafu 0.5. Nilikuwa nimeanza daftari la kaunta, lenye safu za tarehe, namba, maabara na maoni ya daktari. Katikati ya mwaka 2023 ikaja 1.4. Daktari wa zamu, kijana mgeni, aliitazama karatasi peke yake, akaandika "kawaida" kwa kuwa iko chini ya 4. Nikamfungulia daftari. Kwa aliyetibiwa, ile 4 haina kazi tena: aliyepata mionzi hupimwa kutoka kwenye namba yake ya chini kabisa, na ikipanda kwa 2 juu ya hapo ndipo husemwa ugonjwa umerudi, kwa hiyo mpaka wangu ni 2.1. Nilikuwa sijaufikia, lakini nilikuwa njiani, na neno "kawaida" halikuwa jibu.

Nikashuka maabara. Kijana wa zamu, baada ya kusitasita, alikiri kwamba mashine ilibadilishwa wiki mbili zilizopita. Mashine tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile, na hakuna aliyeona haja ya kuwaandikia madaktari, seuze wagonjwa. Nilirudia baada ya miezi mitatu, mahali palepale, mashine ileile mpya: 0.9. Kisha 0.8, na ya mwisho 0.7. Daktari mkuu alisema yawezekana pia ulikuwa mruko wa muda, ambao hutokea kwa waliopigwa mionzi na kushuka wenyewe. Sawa. Lakini miezi ile mitatu nilipungua kilo nne kwa mawazo tu.

Nataja na kosa letu wenyewe. Rafiki yangu wa Makorora alitolewa tezi yote, na barazani tulikuwa tunalinganisha namba kama matokeo ya mpira, nikimwonea wivu 0.2 yake. Kumbe aliyetolewa tezi hatarajiwi kuwa na PSA inayoonekana, na kwake 0.2 iliyothibitishwa kwa kipimo cha pili ni kengele. Alikwenda baada ya mimi kumsukuma, akapewa mionzi.

Malalamiko yangu niliyaandika kurasa mbili na kuyatia kwenye sanduku la maoni, nikihisi nayatia kaburini. Hayakuzikwa. Tangu mwaka jana majibu ya kinyama hutolewa chumbani siku ambayo daktari yupo, na vikopo ni viwili, kulia na kushoto, jina kwa penseli. Mgonjwa bado anakisafirisha mwenyewe. Karatasi ya PSA bado huja na namba moja pekee, bila zilizotangulia na bila jina la mashine.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano: nne na nusu kwa mikono na midomo ya wahudumu, mbili kwa makaratasi. Mwenye kuhitaji kipimo na maelezo asiende Dar es Salaam kwanza, aanze hapa. Kliniki ni Jumatano tu, na anayefika baada ya saa moja na nusu asubuhi atamwona daktari baada ya adhuhuri. Abebe majibu yake yote ya zamani, ajue dawa anazomeza kwa majina, na anunue daftari njiani, maduka ya barabara ya kumi na mbili yanayo. Kipimo changu kijacho ni Jumatano ya kwanza ya mwezi wa kumi. Baiskeli nitaiegesha tangu Jumatatu.